Kabla mkaguzi hajafika: jinsi ya kuujua udongo ulio chini ya nyumba unayotaka kununua

Mwezi Mei, masika ndiyo kwanza yanakatika, nilimsindikiza binamu yangu kwenda kuangalia nyumba Kibaha. Vyumba vitatu, bati la msauzi, kuta zimepakwa rangi wiki hiyo hiyo na harufu bado imo. Fundi tuliyekwenda naye alifanya kazi yake vizuri tu. Aligonga lipu, akafungua mabomba, akapanda darini kutazama kenchi, akapima fremu za milango kwa pima maji. Akasema nyumba iko sawa. Na kweli ilikuwa sawa, kwa mwezi Mei.

Ilipofika Septemba, binamu akiwa ameshainunua, mlango wa chumba cha nyuma ukaanza kugoma kufunga. Wiki mbili baadaye rangi ikafumuka kwenye kona ya dirisha la sebuleni, ufa ukajitokeza ukipanda kwa ngazi, tofali hadi tofali, chini mwembamba kama uzi na juu unapitisha kadi tano za benki zilizobebana. Mama anayeuza vitumbua nyumba ya tatu hakushangaa hata kidogo. "Huku kiangazi kila nyumba inapasuka, mwanangu. Mvua zikija panajifunga penyewe." Siku ile ya Mei tulipita kwake, tukanunua vitumbua, tukala tumesimama, na hatukumuuliza kitu.

Fundi hakukosea. Mkaguzi wa nyumba, awe fundi wa mtaani au mhandisi aliyesajiliwa, anapewa saa moja au mbili, na anaitazama nyumba kama ilivyo siku hiyo. Mambo ya ardhi hayamo kwenye kuta alizoonyeshwa, hasa kama zimeskimiwa juzi. Kazi ya kuijua ardhi ni ya mnunuzi, na inafanyika wiki mbili tatu kabla, ili mkaguzi akija umwambie aanzie wapi. Naeleza hapa ninavyoifanya mimi tangu siku ile. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakokujua, ila vipimo vyenyewe havijali mpaka.

Unatafuta nini hasa

Tatizo la Kibaha ni udongo mfinyanzi unaovimba. Ndani yake mna madini ya jamii ya montimorilonaiti, ambayo yamepangana kwa matabaka membamba mno na yananyonya maji katikati ya matabaka hayo. Ukilowa unavimba na kunyanyua kilicho juu yake. Ukikauka unasinyaa na kupasuka. Sasa fikiria nyumba iliyokaa juu yake. Katikati, chini ya jamvi, unyevu haubadiliki sana mwaka mzima. Pembeni ndiko mvua inakoingia na jua linakokausha. Kiangazi kingo za nyumba zinashuka, katikati panabaki juu, ukuta unafunguka kwa juu. Masika kingo zinanyanyuliwa tena, ufa unajifunga, na anayeuza anapata nafasi ya kupaka rangi.

Ghorofa lenye uzito wa kutosha linaweza kuugandamiza udongo wa namna hiyo. Nyumba ya vyumba vitatu ya chini ni nyepesi mno, udongo unaichezea utakavyo. Ndiyo maana watu wanaoamini kwamba uchunguzi wa udongo ni wa maghorofa tu wamelielewa jambo kinyume. Wala siyo siri ya kitaalamu: nyumba zilizopasuka Kibaha zimeandikiwa tasnifu nzima ya uzamivu katika chuo kikuu cha KTH, Stockholm, iliyokamilika mwaka 2008.

Lakini mfinyanzi siyo adui pekee. Kuna kiwanja kilichojazwa kifusi, ambacho kinaendelea kushindilika taratibu miaka mingi baada ya nyumba kusimama, na kinashuka upande mmoja kuliko mwingine. Kuna shimo la choo cha zamani lililofukiwa juu juu. Kuna bonde ambalo maji yamekaa sentimita 80 chini ya sakafu na yanapanda ukutani kama utambi. Kuna mwambao wa mawe ya matumbawe, ambako juu pagumu kabisa na chini mna mapango. Kila mojawapo linaacha alama zake, na alama hizo nyingi unaweza kuzisoma bila kuwa mhandisi.

Hatua ya kwanza: uliza walikuwa wanalima nini

Swali langu la kwanza kwa mjumbe au mzee wa mtaa siku hizi ni hili: kabla viwanja havijapimwa, hapa walikuwa wanalima nini? Watu wanalijibu kwa raha, maana halimgusi muuzaji wala bei. Wakisema mikorosho na mihogo, una dalili nzuri ya mchanga au kichanga kinachopitisha maji. Wakisema mpunga, umeshajua kwamba chini kuna mfinyanzi unaotuamisha maji, kwa sababu jaruba haliwezi kushika maji juu ya mchanga. Pamba nayo inapenda udongo mweusi mzito, na Wakenya mpaka leo wanauita udongo huo black cotton, hata fundi asiyejua neno jingine la Kiingereza.

Majina ya mitaa nayo ni ushahidi. Msasani, Dar es Salaam, kuna Bonde la Mpunga, na jina limejieleza. Mikocheni ni kwenye mikoche, mti unaopenda kuzamisha mizizi mahali ambapo maji ya ardhini hayako mbali. Kichangani, Maweni, Machimbo, Kisimani, Ziwani: kila jina muulize mzee lilitokana na nini. Ila usiliamini jina peke yake. Jangwani, kwa kulisikia tu, ungedhani ni pakavu, kumbe ni bonde la mto Msimbazi, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafanya watu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande.

Wenyeji wa sehemu nyingi wana mgawanyo wao wa udongo ambao ni mzuri kuliko ramani. Usukumani mkulima atakutenganishia luseni, ule wa mchanga wa juu karibu na mawe, na itogolo, wenye tabaka gumu chini, na mbuga, ule mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Unguja watakutajia kichanga, kinongo chekundu kilicholala juu ya chokaa, na kinamo kinachonata. Akisema kinamo au mbuga, huhitaji kumwomba tafsiri. Andika, endelea.

Halafu uliza maswali mawili yanayouma kidogo. Hapa mchanga, mawe au moramu vilikuwa vinachimbwa wapi? Na choo cha kwanza cha nyumba hii kilikuwa wapi? La pili usimwulize muuzaji peke yake. Muulize mpangaji wa zamani au jirani wa nyuma. Nyumba ya miaka 30 mjini huwa imebadili choo mara mbili tatu, na kila shimo likijaa linafunikwa, maisha yanaendelea, na siku moja mtu anajenga jiko juu yake.

Watu wenye thamani kubwa kuliko wote, na ambao karibu hakuna mnunuzi anayewatafuta, ni wachimba visima na wachimba makaro. Hao wameuona udongo wa mtaa mzima mpaka mita 5, 10, 15. Nunua soda, kaa nao nusu saa. Watakwambia tabaka moja moja, na kwa kawaida watakuonyesha kwa mkono: mchanga mpaka hapa, halafu mfinyanzi wa kijivu, halafu maji.

Hatua ya pili: ramani na picha za kutoka juu

Hii ifanye ukiwa nyumbani, kwa kompyuta kama unayo. Programu ya Google Earth ya kompyuta ina kitufe cha kurudisha picha za miaka ya nyuma. Rudi nyuma kadiri inavyokubali, kisha songa mbele mwaka hadi mwaka ukiikazia macho nukta moja, kiwanja chako. Shimo la machimbo linaonekana wazi kama kovu jeupe au la rangi ya chungwa. Ukiliona 2006 na 2014 pana nyumba juu yake, umepata jibu la swali ambalo muuzaji asingelijibu. Angalia pia mkondo wa maji: mstari wa majani ya kijani uliokuwa unakatiza pale kabla ya kujengwa bado unajua njia yake.

Ramani za udongo za bure zipo, lakini zijue mipaka yake. Ile ya iSDAsoil inagawanya Afrika kwa vipande vya mita 30 na inakupa kiasi cha mfinyanzi na mchanga, ila inaishia sentimita 50 kwenda chini, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya mkulima. SoilGrids inafika mita 2, lakini kipande chake kimoja ni mita 250 kwa 250, yaani mtaa mzima unapewa namba moja. Msingi wa nyumba yako uko kati ya hizo mbili. Mimi nazitumia kwa jambo moja tu: zikisema mfinyanzi uko asilimia 40 na zaidi, natoka nyumbani nikiwa tayari nimekunja mikono ya shati.

Kwa Tanzania, ramani za jiolojia ziko kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, makao makuu Dodoma. Zinaonyesha mwamba kuliko udongo, lakini zitakwambia kama uko juu ya matumbawe, mchanga wa mto au mfinyanzi. Kenya wana Kenya Soil Survey, Kabete, chini ya KALRO, shirika lao la utafiti wa kilimo na mifugo. Kwa Dar es Salaam kuna kazi ya Ramani Huria, iliyoanza 2015, ambayo vijana na wanafunzi walitembea mtaa kwa mtaa wakichora mifereji na maeneo yanayofurika kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Kabla sijaenda kuona nyumba yoyote ya bondeni mjini, nafungua hiyo kwanza.

Ukiwa hapo hapo kwenye ramani, pima umbali wa nyumba na ukingo wa mto au ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Nyumba iliyo mita 40 kutoka mtoni ina tatizo la udongo na tatizo la sheria kwa wakati mmoja, na hilo la pili halitibiki kwa zege.

Hatua ya tatu: tembea mtaa mzima kabla hujaingia ndani

Dalali atataka uingie ndani haraka uone vigae. Mwambie utamkuta. Zunguka nyumba kama kumi za jirani, taratibu, ukitazama kuta za uzio kwanza. Uzio hujengwa kwa msingi mfupi, hauna mkanda, na mara nyingi haupakwi rangi kwa ajili ya mgeni, kwa hiyo ndio wa kwanza kupasuka na wa mwisho kufichwa. Uzio uliogawanyika vipande vinavyoegemea huku na huku ni maelezo tosha.

Kwenye nyumba zenyewe, tofautisha nyufa. Vile vinyufa vinavyotapakaa kama utando wa buibui ni vya lipu iliyokauka haraka, usivijali. Ufa ulionyooka unaofuata mstari wa bomba au waya ni wa fundi aliyechimba ukuta akaziba vibaya. Unaoutafuta ni ule wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha au mlango, unaopita tofali na siyo lipu tu, na ambao unaonekana ndani na nje mahali pale pale. Ukiwa mpana juu, ncha ya nyumba imeshuka. Ukiwa mpana chini, katikati ndiko kulikoshuka, au kingo zimenyanyuliwa. Chini ya milimita 5 kwa kawaida unazibika na maisha yanaendelea, mradi uwe umetulia. Ukifika 15 na milango imeanza kubana, hilo ni la mhandisi.

Mimea itakwambia mengine. Matete, ndago na mafunjo ni maji karibu. Migunga mifupi yenye vinundu vinavyokaliwa na sisimizi, ile inayopiga mluzi upepo ukivuma, inapenda udongo mweusi wa mbuga. Vichuguu navyo viangalie kwa macho mawili: mchwa wanakula mbao, hiyo kila mtu anajua, lakini kichuguu kilichosawazishwa na kujengwa juu yake kinaacha vyumba vitupu ardhini ambavyo maji ya mvua yatavibomoa polepole.

Na ukikuta mahali popote mtu anachimba msingi au shimo la maji taka, simama. Omba kuchungulia. Udongo uliotupwa pembeni umepangika kinyume: wa juu ya lundo ndio uliotoka chini kabisa. Chukua vipande viwili vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja kwenye mfuko wake, andika kina.

Hatua ya nne: chimba mwenyewe, upime jikoni

Hapa ndipo pana faida kubwa kuliko kwingine kote, na ndipo wanunuzi wengi wanapoona aibu. Muombe muuzaji ruhusa ya kuchimba shimo moja uani, upana wa sentimita 60 hivi, kina cha mita 1 mpaka 1.2. Mwambie utalifukia. Akikataa kata kata, umejifunza kitu bila kutoa jasho. Kaa mbali na ukuta, mita 3 au zaidi, na kwenye mchanga mkavu usiingie shimoni kupita kiuno: mchanga unaporomoka bila kutoa taarifa.

Tazama ukuta wa shimo. Ukikutana na vipande vya vigae, mifuko ya nailoni, chupa au majivu kwa kina cha nusu mita, hicho ni kifusi, na swali linalofuata ni kinaishia wapi. Ukiona udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, hapo maji hukaa sehemu ya mwaka, hata kama leo pakavu. Ukiona vipande vyenye nyuso laini zinazong'aa kama vimepakwa mafuta, huo ni udongo uliosuguana wenyewe kwa wenyewe wakati wa kuvimba na kusinyaa. Hiyo alama sijawahi kuiona mahali ikanidanganya. Funika shimo kwa bati, rudi kesho yake uone kama maji yamejikusanya.

Chukua sampuli ya kila tabaka, kilo moja moja, nenda nazo nyumbani.

Kipimo cha mkono kwanza. Lowesha kidogo, finyanga, kisha viringisha kwenye ubao kama unatengeneza uzi. Kichanga hakiviringiki kabisa. Udongo unaofika unene wa milimita 3 bila kukatika, na ukiupinda unapindika, una mfinyanzi wa kutosha kukutia wasiwasi.

Cha pili, chupa. Jaza theluthi moja ya chupa ya maji kwa udongo uliopondwa, ongeza maji na chembe za sabuni ya unga, tikisa dakika tatu, weka. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, tope laini (silt) linachukua saa kadhaa, na mfinyanzi unatua kesho yake au unabaki umeyavuruga maji mpaka keshokutwa. Pima matabaka kwa rula.

Lakini kujua kwamba kuna mfinyanzi hakutoshi, kwa sababu si kila mfinyanzi unavimba. Vilima vya Pugu vina kaolini nyeupe nzuri ya kutengenezea vikombe, inayonata vidoleni kama yoyote ile, na inavimba kidogo sana. Cha kukutenganishia ni kipimo cha tatu, cha mafuta ya taa, ambacho ni ndugu wa kile kinachofanyika maabara.

Anika udongo juani siku mbili, uponde kwenye kinu, uchekeche kwa chekeche la unga. Chukua glasi mbili zinazofanana kabisa, zenye pande zilizonyooka. Weka vijiko vitatu vya unga huo, vilivyosawazishwa kwa kisu, katika kila glasi. Moja ijaze maji, nyingine mafuta ya taa. Koroga kila moja kwa kijiti chake mpaka mapovu yaishe. Ziache saa 24 mbali na jiko na mbali na watoto. Udongo hauyanyonyi mafuta ya taa, kwa hiyo kimo chake katika glasi hiyo ndicho kimo halisi. Katika maji utapanda kadiri unavyoweza kuvimba. Sampuli ya binamu yangu, iliyotoka sentimita 70 chini, ilisimama milimita 24 kwenye mafuta na 37 kwenye maji. Tofauti ni 13; gawanya kwa 24, unapata asilimia 54. Katika viwango vya kihandisi vinavyotumia kipimo hiki, chini ya 20 ni kidogo, 20 mpaka 35 ni wastani, 35 mpaka 50 ni kikubwa, na zaidi ya 50 ni kikubwa mno. Glasi zako siyo maabara, namba inaweza kwenda huku au huku kidogo. Lakini 8 na 54 huwezi kuzichanganya.

Kabla hujafukia shimo, mwaga ndoo ya maji ndani, subiri yaishe, mwaga ya pili na uangalie saa. Ndoo isiyoisha mpaka jioni inakwambia kwamba karo la nyumba hiyo litafurika masika, na kwamba zile chemba zenye mfuniko mpya wa zege zifunguliwe siku ya ukaguzi.

Hatua ya tano: mpe mkaguzi karatasi moja

Usimpe hadithi, mpe karatasi. Ya kwangu huwa hivi:

"Mfinyanzi wa kijivu kuanzia sm 40. Kuvimba karibu asilimia 54. Maji hayakuonekana mpaka m 1.2, mwezi Septemba. Palikuwa shamba la mpunga mpaka miaka ya 90. Choo cha zamani nyuma ya jiko, upande wa mwembe. Uzio wa jirani wa kushoto umepasuka mahali pawili. Nyumba imepakwa rangi mwezi huu."

Mhandisi akiisoma hiyo, ukaguzi wake unabadilika. Hataanzia kwenye bati. Ataomba kufukua kidogo pembeni mwa msingi aone umeingia kina gani na umekaa juu ya nini, kama kuna mkanda wa zege chini na juu ya madirisha, kama nondo zipo. Atapitisha mpira mwembamba uliojaa maji, ule wa kupimia usawa, chumba hadi chumba kuona sakafu imeshuka wapi. Atatafuta maji ya paa yanaangukia wapi, na mwembe uko umbali gani na ukuta, kwa sababu mti mkubwa juu ya mfinyanzi unakausha upande mmoja wa nyumba kuliko mwingine. Na atakwambia kama inafaa kupeleka sampuli maabara kupimwa viwango vya uplastiki (unafinyangika ukiwa na maji kiasi gani) na kuvimba kwa njia rasmi. Kwa nyumba ya ghorofa, au unayotaka kuiongezea ghorofa, hilo la maabara usilijadili, lifanye.

Kama unanunua Kenya, upande wa Athi River, Kitengela au Syokimau, karatasi yako iwe na swali moja la juu kabisa: udongo mweusi waliuondoa wote mpaka kwenye moramu au jiwe, au walichimba nusu wakajaza mawe? Ule udongo uko juu ya mwamba, mara nyingi siyo mbali, na kuutoa ndiyo desturi ya mafundi wa huko. Tatizo ni mwenye nyumba aliyeishiwa hela katikati. Mwambao wa Mombasa na Unguja, swali ni mapango, na kisima kiko umbali gani na karo, kwa sababu matumbawe yanapitisha maji machafu kama chujio lililotoboka. Mlimani, tazama juu na siyo chini: maporomoko yaliyoifunika Katesh tarehe 3 Desemba 2023 yalitoka Mlima Hanang, wala hayakuanzia kwenye viwanja vya watu.

Ukishajua, unafanyaje

Kwa mfinyanzi unaovimba, mara nyingi nyumba inanunulika, kwa bei inayolingana nayo. Matibabu yake ni kuuzuia udongo usibadilike unyevu: mifereji ya bati inayopeleka maji mbali, zege la kuzunguka nyumba lenye upana wa mita moja na nusu likiinama nje, karo lihame, mti mkubwa uondolewe mapema. Muombe mkaguzi akupigie hesabu ya kazi hiyo kwa maandishi, ndiyo utakayokwenda nayo kwa muuzaji. Choo kilichofukiwa kinafukuliwa na kujazwa upya kwa kushindiliwa, ni usumbufu tu. Maji yanayopanda ukutani ni ghali na hayaishi vizuri. Machimbo yaliyojazwa taka, na ukingo wa mto unaoliwa kila masika, mimi huaga palepale, hata soda ya dalali siinywi.

Kama mwenye nyumba anakubali kungoja, tembelea mara mbili: mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Kila ufa utakaouona piga mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande, pima katikati yake kwa rula ya milimita, andika tarehe ukutani.

Binamu yangu alifanya hivyo akiwa ameshanunua. Aliweka mifereji, akahamisha karo, akakata mpera uliokuwa umeegemea dirisha. Pembeni mwa ufa wa sebuleni mna safu ya namba za penseli: milimita 4 Septemba ya kwanza, 1 Aprili, 3 Septemba ya pili, 1 tena, 2. Mkewe anataka paskimiwe papakwe rangi kabla ya sikukuu. Yeye anasema bado, tungoje Septemba nyingine.